Mkunjo Mmoja wa Shuka

Asubuhi ile mpiga pasi alitafuta kiatu chake cha kushoto kwa robo saa nzima, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, mpaka jikoni, kabla hajagundua kwamba amekivaa. Hakucheka. Mtu aliyekaa miezi saba bila kulala vizuri hana akiba ya kicheko. Alifunga kamba, akamwachia mama yake chai kwenye chupa, akamwomba fundi cherehani wa mlango wa pili amwangalizie mama, akaenda kazini.

Haya si ya kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Yalimpata yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyasimulia. Nusu yake fundi cherehani ni shahidi. Nusu nyingine tunamwamini tu, kwa sababu mwanamke aliyechoka namna ile hana nguvu ya kutunga uongo.

Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, zamu ya mchana. Mashuka yanatoka wodini, yanapita kwa mfuaji mmoja mwembamba waliyemwita Povu, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mengi na uzito hakuna, kisha yanaletwa mezani kwake ayanyooshe. Kazi hiyo aliirithi. Mama yake alisimama kwenye meza ile ile miaka thelathini, na ndiye aliyemfundisha kushika pasi, kufuata upindo, na kutoacha mkunjo hata mmoja. "Kazi haiachwi nusu," ndivyo alivyokuwa akimwambia. Alikuwa pia na utani wake wa kazini: walio hai wanakunja, sisi tunanyoosha, siku shuka likirudi kutoka kitandani limenyooka, kwanza uliza habari za mgonjwa.

Sasa mama huyo kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, moja baada ya nyingine, mpaka jina la mwanawe. Siku nyingine alimwita dada, siku nyingine muuguzi. Kilichobaki kwake ni mkono. Alinyoosha kila kitu kwa kiganja: kitambaa cha meza, sketi ya mgeni, ngozi ya mkono wake mwenyewe. Na usingizi hana. Usiku anazunguka chumbani akigusa kuta, mchana anakaa kitandani macho makavu. Usipolala wewe mgonjwa, halali na mwenye kukuuguza. Mwili haujengwi kwa matofali, na wa mpiga pasi ulikuwa umeanza kubomoka.

Pale kazini palikuwa na rafu karibu na mlango. Kitu chochote kilichopatikana ndani ya mashuka, kama miwani, kitana au picha, kilifungiwa kikaratasi chenye jina la wodi na tarehe, kikawekwa hapo. Hakuna aliyekigusa. Mwenyewe akipona atakifuata, na asipopona hakuna anayetaka kujua zaidi. Kwa Povu hiyo ilikuwa kama sheria. Alisema kitu cha mgonjwa hakichezewi, maana hujui mwenyewe alikishika akiwa anafikiria nini.

Siku ya kiatu, Povu alikung'uta foronya, kikadondoka kigemu, kile kidude cha kuchezea michezo ya kwenye kioo. Kilikuwa cheusi, saizi ya kiganja, kinafunguka katikati kama kijitabu, na ubavuni kalamu nyembamba ya plastiki isiyo na wino imechomekwa kwenye tundu lake. Bunda lile la mashuka halikuwa na muhuri wa wodi yoyote. Povu aliligeuza mara tatu, akaandika kwenye kikaratasi "haijulikani", akakiweka kigemu rafuni.

Ikafika saa ya chakula. Wenzake walitoka nje kwenye kivuli. Mpiga pasi alibaki, kwa sababu akilala kwa kukaa alikuwa anaota anapiga pasi, na huko ni kufanya kazi mara mbili. Alitaka kitu cha kuyashughulisha macho tu. Akanyoosha mkono, akakichukua.

Alikifungua, kikawaka. Kimuziki cha kitoto kikalia, noti tano zikirudi na kurudi. Kioo cha juu kilionyesha chumba kidogo cha katuni na dirisha lake. Kioo cha chini, kile cha kuguswa kwa kalamu, kilikuwa na kitanda, na juu yake bibi kizee wa katuni, macho yamemtoka, mguu wa kushoto uko nje ya shuka. Maandishi yalikuwa neno moja: MLAZE.

Ulikuwa mchezo mwepesi, hata mtoto angeuweza. Unavuta pazia kwa kalamu. Unamgonga mbu. Unampapasa bibi paji la uso, polepole, maana ukiharakisha anakunja sura. Mwisho unanyoosha shuka kuanzia miguuni, na kila mkunjo ukinyooka kinatoka kisauti cha pasi ya mvuke. Hapo mpiga pasi alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Shuka lilipofika kwenye vifundo vya miguu, bibi akafumba macho, nyota moja ikawaka, kigemu kikajizima. Alikirudisha rafuni.

Jioni fundi cherehani alimpokea mlangoni na habari njema. Mama kalala, alisema, saa ya chakula, fofofo, karibu saa nzima. Mpiga pasi aliingia, akamkuta mama yake ametulia kidogo. Hakufikiria kitu. Alimshukuru Mungu, akala amesimama.

Kesho yake alicheza tena. Shuka likafika magotini, na ule mguu wa kushoto ukaingia ndani. Jioni fundi alimwambia mama kalala saa mbili nzima, tena leo kalala na miguu yote ndani, yeye ambaye siku zote huacha mmoja nje. Mpiga pasi aliinua shuka kumwangalia. Miguu ya mama yake ilikuwa ya baridi mpaka magotini. Juu ya magoti kulikuwa na joto la kawaida.

Aliifikiria baridi hiyo muda mrefu, kisha akajiambia ni uzee. Mtu aliyechoka anajua kujidanganya kuliko mtu yeyote. Usiku ule mama alilala tangu magharibi hadi alfajiri, na yeye pia, usingizi wa pono, mdomo wazi. Aliamka analia kwa raha. Baada ya usiku kama ule, nani angerudi nyuma?

Siku ya tatu shuka lilifika kiunoni. Siku ya nne kifuani. Povu alimwona na kile kigemu, akamwambia kwa sauti ya chini, yeye ambaye hajawahi kusema jambo kwa sauti ya chini, kwamba kitu kile hakijawahi kuchajiwa na bado kinawaka. Alimjibu kwamba ni betri nzuri. Jioni yake fundi cherehani alisema alimwamsha mama ili anywe uji, akamwita mara nyingi, akamtikisa, na alipofumbua macho alikuwa kama mtu anayetoka mbali. Baridi ilikuwa imepanda mpaka chini ya matiti. Pumzi zilikuwa fupi.

Siku ya tano alikifungua tena. Alijua. Alikuwa amejua tangu miguu. Lakini alitaka usiku mmoja zaidi, mmoja tu. Alivuta pazia, akamgonga mbu, akapapasa paji la uso. Akanyoosha shuka mpaka mabegani. Mpaka kidevuni.

Ukabaki mkunjo mmoja, kwenye upindo wa juu, umelala upande kama kovu. Ulikuwa unawaka na kuzima. Kando yake kimkono cha katuni kilijitokeza, kikamwonyesha namna ya kuupitisha mstari wa kalamu: kuelekea juu. Juu ya mdomo. Juu ya macho.

Mkono wa mpiga pasi hauachi mkunjo. Kalamu ilikuwa tayari imegusa kioo kabla hajajua. Na hapa alisema ukweli wake wote, bila kuupaka sukari: kwa muda wa pumzi moja alitamani aupitishe. Alitamani yaishe, mama apumzike, na yeye apumzike. Kisha akaiona sura ile ya katuni, macho yamefumbwa, imemwamini. Akaiondoa kalamu. Alikifunga kigemu, akakisukuma nyuma kabisa ya rafu, akarudi kwenye pasi yake.

Tangu siku hiyo mama hakulala tena. Si usiku, si mchana, hata lepe la usingizi. Mwili wake ulikuwa wa baridi hadi kidevuni, kichwa peke yake ndicho kilichokuwa na joto, na kichwa hicho kiliita. Kilimwita dada aliyekufa zamani. Kilimwita muuguzi. Kilisema kuna kitu hakijamalizwa. Siku moja, mbili, tatu, nne. Siku ya tano mpiga pasi alisinzia amesimama, pasi ikakaa juu ya gauni la daktari mpaka moshi ukatoka. Msimamizi hakumfokea. Alimtazama usoni, akamwambia aende nyumbani akalale.

Kabla ya kutoka alikichukua kigemu. Alikuwa na nia njema: nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la taka, angekiponda kwa jiwe, akichome, basi. Nia ilikuwa njema. Miguu ndiyo iliyomsaliti.

Alifika saa nane mchana, jua kali. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Fundi cherehani, ambaye mashine yake ni ya kukanyaga kwa miguu, alikuwa akishona barazani. Walisalimiana. Mpiga pasi aliingia, akamkuta mama yake ameketi kitandani ananyoosha magoti yake kwa viganja. Akaweka mkoba mezani. Akakaa kwenye kiti, avue viatu kwanza, halafu aende shimoni. Akavua cha kulia. Cha kushoto hakukifikia.

Kilichomwamsha ni noti tano.

Alifumbua macho kwa shida. Mkoba ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbele yake kabisa, kigemu kiko mapajani. Kalamu ameishika kama mtu anavyoshika mpini wa pasi. Nje cherehani ilikuwa ikilia, taratibu, karibu sana.

Alitaka kuinuka. Miguu ilikataa.

Akatazama kioo. Safari hii hapakuwa na kitanda. Kulikuwa na kiti, na mwanamke wa katuni amelala kitini, kichwa upande, kiatu kimoja mguuni.

Kalamu ilipita. Ssss. Baridi ikamshika vifundo vya miguu. Ssss. Magoti. Alifungua mdomo, ulimi ukawa mzito. Ssss. Kiuno. Haikuuma. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba haikuuma, kwamba ilikuwa tamu, na kwamba sehemu yake fulani ilikuwa inasema asante.

"Lala, mwanangu," mama alinong'ona. "Umechoka sana."

Mwanangu. Miezi mingapi hajaitwa hivyo. Machozi yalimtoka, ya moto, yakateremka mpaka kidevuni, na hapo yakapoa.

Shuka lilikuwa limefika.

Ukabaki mkunjo mmoja. Ukawaka. Ukazima. Kimkono kikajitokeza, kikaonyesha juu. Mama aliukodolea macho. Miaka thelathini kwenye ile meza, na hakuna aliyewahi kumwona akiacha mkunjo. Kalamu ikashuka. Ikagusa kioo. Mpiga pasi aliita mama, mama, lakini ndani kwa ndani tu. Cherehani ilikuwa ikilia nje. Hatua kumi, na fundi hakusikia kitu.

Kalamu haikusogea.

Mama aliinua uso, akamtazama mwanawe. Yalikuwa macho yake ya zamani, yale ya mezani, yanayoona kila kosa.

"Huu tuuache," alisema polepole.

Akainua kalamu.

Kioo kikageuka chenyewe. Kikaja kitanda, bibi kizee, shuka hadi kidevuni, na mkunjo wake mmoja unawaka na kuzima. Mama aliuona, akatikisa kichwa kama mwalimu aliyekuta kazi ya mwanafunzi wake.

"Na huu uliuacha wewe. Ulifanya vizuri." Akakivuta kigemu karibu. "Lakini kazi haiachwi nusu. Na mimi nimechoka, mwanangu."

Mstari mmoja. Ssss. Harufu ya kitambaa cha moto ikajaa chumbani. Mpiga pasi hakuona tena kitu.

Aliamshwa na fundi cherehani, anamtikisa mabega. Jua lilikuwa bado liko nje, limelala upande. Fundi alikuwa ameita mara nyingi mlangoni, akaona kimya, akaingia. Mama alikuwa kitandani kwake, chali, shuka limemfunika mwili mzima na uso. Fundi ndiye aliyelishika shuka hilo kwanza, na anaapa mpaka leo: lilikuwa la moto. La moto kama limetoka mezani sasa hivi, na limenyooka, hakuna mkunjo hata wa ukucha. Pasi ya nyumbani ilikuwa juu ya kabati, ina vumbi, na umeme haukurudi mpaka usiku.

Mkononi mwa mama ilikuwemo kalamu. Kigemu hakikuonekana. Walikitafuta uvunguni, jikoni, kwenye mkoba. Fundi alikuwa barazani muda wote, hakuna aliyeingia wala kutoka. Kule kazini Povu alikuta kile kikaratasi cha "haijulikani" kiko rafuni, kimefungwa vizuri, kimefunga hewa.

Watu walikuja, mama akazikwa. Wengi walisema kapumzika. Mpiga pasi aliwaitikia kwa kichwa. Hakuwaambia kwamba aliwahi kumtamania kifo kwa muda wa pumzi moja, na kwamba mama yake, aliyesahau kila jina duniani, aliijua pumzi hiyo na akamsamehe.

Lakini kuna jambo fundi cherehani alimuuliza siku ile ile, wakati bado amemshika mabega. Alimuuliza shuka alilojifunika amelitoa wapi. Mpiga pasi akajitazama. Alikuwa amefunikwa shuka jeupe, tangu miguuni hadi kidevuni, kiatu kimoja kinaonekana chini yake. Halikuwa la nyumba ile. Lilikuwa shuka la hospitali, na halikuwa na muhuri wa wodi yoyote. Lote lilikuwa limenyooka, isipokuwa upindo wa juu. Pale palikuwa na mkunjo mmoja, urefu wa vidole vinne.

Amelifua mara nyingi. Amelipeleka kazini, akalipitishia pasi ya mvuke mpaka jasho likamtoka, Povu amesimama pembeni kimya kabisa. Mkunjo unanyooka mbele ya macho yao. Akilikunja na kulikunjua, upo, pale pale.

Siku hizi amekoma kuunyoosha. Kila siku akitoka kazini anavua viatu vyote viwili, anajilaza, anajifunika shuka lile mpaka kidevuni na si zaidi. Kisha anapeleka mkono kwenye upindo wa juu na kuupapasa ule mkunjo. Akiukuta upo, anafumba macho, analala.